Mizani ya Mafuta: Kijitabu cha Siha kwa Watu wa Nyumbani

KWA MSOMAJI

Katika kila nyumba ya pwani yetu, na aghalabu katika nyumba za bara vilevile, ipo chupa au dumu la mafuta lililokaa karibu na jiko, nalo huinuliwa asubuhi kwa maandazi, adhuhuri kwa mchuzi, na jioni kwa samaki wa kukaanga, pasina mtu kuuliza ni mafuta ya namna gani, wala ni kiasi gani kilichoingia katika kila tumbo hata siku ikatimia. Kijitabu hiki hakikuandikwa ili kuitia chupa hiyo lawama, kwa maana mafuta ni chakula, na tena ni chakula cha lazima. Kimeandikwa ili kumsaidia mwenye nyumba, na hasa yule ashikaye mwiko, kuiweka chupa yake katika kitanga kimoja cha mizani, na katika kitanga cha pili kutia kitu ambacho katika nyumba nyingi kimekuwa chepesi mno, nacho ni mafuta yaliyofichika ndani ya samaki, na machache yaliyomo katika majani na maharage.

1. MAFUTA MAWILI AMBAYO MWILI HAUJUI KUYATENGENEZA

Miongoni mwa vitu ambavyo mwili wa binadamu huvihitaji, viko unavyoweza kujitengenezea wenyewe, na viko ambavyo hauna budi kuletewa kwa njia ya kinywa. Mafuta mengi ni ya fungu la kwanza, kwani mtu akila wanga na sukari kupita haja yake, mwili huigeuza ziada hiyo kuwa mafuta na kuyaweka akiba tumboni na chini ya ngozi. Lakini ziko asidi mbili za mafuta zisizoingia katika hukumu hiyo: ya kwanza ni asidi ya linoleiki, ambayo ndiyo mama wa jamaa ya omega-6, na ya pili ni asidi ya alfa-linoleniki, mama wa jamaa ya omega-3. Hizi mwili hauna ujuzi wa kuzitengeneza asilani, na kwa sababu hiyo wataalamu wakaziita asidi za mafuta za lazima.

Zamani ilidhaniwa kwamba mafuta ni kuni tu, yaani kazi yake ni kuupa mwili joto na nguvu, na kwamba asiyeyala hana akikosacho maadamu anashiba vitu vingine. Dhana hiyo ilivunjika mwaka 1929, pale George Burr na mkewe Mildred, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, walipowalisha panya chakula kilichotimia kwa kila kitu ila mafuta, ambayo waliyaondoa hata tone lisibaki. Panya wale wakadumaa, ngozi zao zikafanya magamba, mikia yao ikachubuka, na wakawa wanakunywa maji mengi kuliko desturi. Na walipotiliwa mafuta kidogo yenye asidi ya linoleiki, wakarudia siha yao. Ndipo ikayakinika kwamba katika mafuta mna kitu zaidi ya joto.

2. FUNDI MMOJA, WATEJA WAWILI

Mwili wote umejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba ambao sehemu yake kubwa ni mafuta. Basi mafuta alayo mtu leo ndiyo yatakayokuwa ukuta wa seli zake siku zijazo. Tena kutoka katika kuta hizo mwili huchota malighafi ya kutengeneza wajumbe wadogo wanaotumwa kila upande, kuamuru damu igande palipo na jeraha, au mahali penye maradhi pavimbe na kupata moto ili adui apigwe vita. Wajumbe watokanao na omega-6 ni wakali na wepesi wa kuwasha moto huo, na wengi wao hujulikana kwa jina la prostaglandini. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia wajumbe hao wasitengenezwe, na mwaka 1982 yeye pamoja na Wasweden wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa maarifa hayo. Hivyo kila aliyewahi kumeza kidonge cha aspirini kwa homa au maumivu ya viungo, alikuwa akiutuliza moto wa omega-6 bila ya kujua.

Jamaa ya omega-3 nayo ina watoto wawili mashuhuri, waitwao kwa kifupi EPA na DHA. Wajumbe watokanao na EPA ni wapole zaidi, na husaidia kuuzima moto ambao kazi yake imekwisha. DHA nayo ni tofali la kujengea ubongo, na la ule utando ulio nyuma ya jicho upokeao nuru.

Sasa, ndani ya mwili jamaa hizi mbili hufanyiwa kazi na vimeng'enya vilevile. Ni kama seremala mmoja mwenye wateja wawili, ambaye mmoja amletea mbao ishirini kila asubuhi na mwingine amletea moja tu: seremala hana ubaya na huyu wa pili, ila mkono wake umeshikwa na kazi ya yule wa kwanza. Zaidi ya hayo, hata mteja wa pili apatapo nafasi, mwili hugeuza sehemu ndogo tu ya asidi ya alfa-linoleniki ya mimea kuwa EPA, na sehemu ndogo zaidi kuwa DHA. Hii ndiyo sababu samaki wana cheo chao peke yao, kwani wao hula mimea midogo ya majini au wadudu walioila, na hutuletea EPA na DHA zikiwa zimekwisha kutengenezwa.

Walakini msomaji asije akatoka hapa akidhani kwamba omega-6 ni sumu, kama wanavyohubiri baadhi ya watu siku hizi. Mafuta yenye asidi ya linoleiki, yakiliwa mahali pa mafuta mazito yanayoganda, hupunguza lehemu mbaya katika damu, ambayo wengi huiita kolesteroli, na huukinga moyo. Kosa halimo katika kuwapo kwake. Limo katika kuzidi kwake huku mwenziwe akikosekana.

3. HESABU YA CHUPA

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wa Shirika la Chakula na Kilimo, walipokutana Geneva mwaka 2008, hawakuweka uwiano mmoja wa kupimia jamaa hizi mbili, bali waliipangia kila moja kiwango chake. Kwa mtu mzima, omega-6 iwe kati ya asilimia 2.5 na 9 ya nguvu yote apatayo katika chakula, na omega-3 iwe kati ya asilimia 0.5 na 2, na ndani yake apate angalau miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku. Asilimia hizi hazipimiki kwa mwiko, basi na tuzigeuze ziwe hesabu ya jikoni.

Mtu mwenye kuhitaji kalori 2,000 kwa siku, akifuata kiwango hicho, atahitaji asidi ya linoleiki gramu 5 au 6 kwa uchache, na asipite gramu 20. Na omega-3 ya kila namna, gramu moja na ushei hadi gramu 4 na ushei. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban gramu 14. Mafuta ya alizeti ya kawaida, katika kila sehemu 10, hufika sehemu 6 za asidi ya linoleiki, japokuwa alizeti iliyokulia penye joto kali hupungukiwa kidogo. Kwa hiyo kijiko kimoja tu hutoa gramu 8, na haja ya siku imekwisha kutimia. Omega-3 iliyomo katika kijiko hicho ni kama hakuna.

Na tuichukue nyumba moja ya kawaida mjini Tanga, yenye watu 6, ambayo hununua lita moja ya mafuta ya alizeti na kuimaliza kwa siku 3. Lita hiyo ina uzito wa gramu 920 au karibu yake. Igawe kwa watu 6 na kwa siku 3, na kila mmoja amekula gramu 51 kwa siku, ambamo mna gramu 30 za asidi ya linoleiki, yaani mara moja na nusu ya mpaka wa juu, na bado hatujahesabu karanga wala mahindi. Nyumba iyo hiyo, ikiifanya lita hiyo idumu siku 7, kila mtu atapata gramu 22 za mafuta na gramu 13 za asidi hiyo, kiasi kilicho katikati ya mipaka. Hapana dawa iliyonunuliwa, wala chakula kigeni kilichotafutwa. Fedha zilizobaki zitoke jikoni ziende sokoni kwa samaki.

4. MAFUTA YA WAZEE WETU NA MAFUTA YA LEO

Mabibi zetu wa pwani walipika kwa tui la nazi, kwa samli, na kwa mafuta ya ufuta, waliyoyaita mafuta ya uto, yaliyokamuliwa katika vinu vilivyozungushwa na ngamia aliyefungwa macho. Watu wa Kigoma na wa nchi zote zilizozunguka Ziwa Tanganyika walipika, na hata leo wanapika, kwa mawese. Mafuta ya alizeti, ambayo leo huonekana yamepangwa katika madumu kandokando ya barabara ya Singida, na yale ya mahindi na ya pamba, yameenea baadaye, nayo ndiyo yaliyoongeza omega-6 katika sufuria zetu.

Ni vema kila mtu ajue tabia ya mafuta apikiayo. Alizeti, mahindi, pamba na ufuta yote ni ya jamaa ya omega-6, na asidi ya linoleiki ndani yake huanzia sehemu 4 hadi 6 katika 10, nayo omega-3 haifiki hata sehemu moja katika mia, au ikafika kwa shida. Karanga ina omega-6 sehemu 3 katika 10 na omega-3 haimo. Soya ina omega-6 nusu yake, lakini huongeza omega-3 sehemu 7 katika mia, na kwa hivyo ni afadhali kuliko alizeti kwa mwenye kutafuta mizani. Mawese yana omega-6 sehemu moja tu katika 10. Yakiwa mekundu, yasiyosafishwa, yana pia rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ila karibu nusu yake ni mafuta mazito. Nazi karibu haina hii wala ile, kwani sehemu 9 katika 10 za mafuta yake ni mazito. Tui ni kiungo kitamu, na anayekula asiogope, lakini asilihesabu katika mafuta ya lazima, wala asipike kila chakula kwa tui zito.

Hapana dumu hata moja, katika haya tuliyoyataja, litakalomtimizia mtu haja yake ya EPA na DHA. Kutoka hapa safari yetu haina budi kuelekea diko la wavuvi.

5. SAMAKI MDOGO, CHEO KIKUBWA

Ni desturi ya miji yetu kumpima mgeni kwa ukubwa wa kipande cha nguru kilichowekwa mbele yake, na dagaa akaachiwa mwisho wa mwezi, siku mkono umekuwa mtupu. Kwa habari ya omega-3 desturi hiyo yafaa kupinduliwa. Vibua na dagaa wa baharini ni samaki wenye mafuta, na gramu 100 za samaki wa namna hii mara nyingi hukaribia gramu moja ya EPA na DHA au kuipita, hata ikawa milo miwili ya wiki yatosha kumtimizia mtu mzima haja yake yote. Changu na samaki wengine wenye nyama nyeupe iliyo kavu wanayo pia, ila kidogo. Dagaa wa maziwa makuu nao wamo katika daraja la heshima: yule wa Ziwa Victoria, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene, na yule wa Ziwa Tanganyika, ambaye jirani zetu wa Burundi humwita ndagala.

Lakini mafuta ya omega-3 ni laini mno, na hewa, nuru na joto huyaharibu upesi. Tabia hii maseremala huijua kwa njia nyingine, kwani mafuta ya kitani, yenye omega-3 kwa wingi, hupakwa juu ya mbao kwa sababu yakikutana na hewa hugeuka kuwa ngozi ngumu. Kinachoifaa mbao hakimfai mlaji. Basi unaponunua dagaa wakavu, watwae wachache kiganjani na uwatazame tumboni: wakiwa wamebaki na ung'avu wa fedha, na ukiwavunja wakalia kwa ukavu, hao ni wema, wakiwa wamepata rangi ya manjano iendayo kwenye kutu, na harufu yao ikapanda puani kama mafuta ya taa yaliyokaa, mafuta yao yamechacha, na hata wakiwa rahisi, waache. Waliokaushwa juu ya vichanja ni bora kuliko walioanikwa mchangani. Wakishafika nyumbani, wakae ndani ya chombo kikavu chenye mfuniko, penye kivuli, na waliwe kabla ya wiki nyingi kupita.

6. SAMAKI MMOJA, MAPISHI MBALI

Samaki aliyezamishwa katika karai la mafuta yanayochemka hutoa sehemu ya mafuta yake na kunywa mafuta ya karai. Hivyo mtu aliyenunua kibua kwa ajili ya omega-3 huenda akaletewa mezani kibua kilichojaa omega-6. Namkumbusha mpishi mapishi ambayo pwani haikufundishwa na mtu: samaki wa kupaka juu ya makaa, mchuzi wa samaki wenye ndimu au ukwaju, na dagaa waliorostiwa kwa nyanya na vitunguu katika kijiko kimoja au viwili vya mafuta kwa sufuria nzima. Hata samaki wa kopo ni msaada, na aliyehifadhiwa ndani ya nyanya ni bora kuliko aliyehifadhiwa ndani ya mafuta ya alizeti.

Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka shingoni mwa chupa, kwa kuwa jicho la mwenye haraka halina kipimo. Chupa ikae kabatini, mbali na jua na jiko. Mafuta yaliyokwisha kukaangia, yakawa meusi, yakatoa povu au moshi upesi, au yakashika vidole kama gundi, yamwagwe, wala yasiongezewe mapya juu yake. Mafuta ya mgando yaliyotengenezwa kiwandani kwa kugandisha mafuta ya maji yaepukwe, hasa pale kibandiko kitajapo kwamba yametiwa haidrojeni nusunusu, kwa maana hayo huwa na mafuta ya transi, yaliyo adui wa moyo.

Pamoja na samaki, mboga za majani nazo zisisahauliwe: mchicha, kisamvu na matembele zina mafuta machache, ila sehemu kubwa ya machache hayo ni omega-3. Nayo maharage makavu, katika kila gramu 100, huwa na takriban robo gramu ya omega-3 hiyo. Hizi ni senti na si noti, lakini aulaye mchicha na maharage kila siku hukusanya senti nyingi hata mwaka ukaisha.

7. MAMA, MTOTO NA ZIWA

Mtoto akiwa tumboni, na hasa katika miezi ya mwisho, ubongo wake hukua kwa kasi, naye huchukua DHA kutoka kwa mamaye. Akisha kuzaliwa, huipata katika maziwa, na kiasi kilichomo katika maziwa hufuata alichokula mama. Wataalamu wa mwaka 2008 walimwekea mja mzito na mama anyonyeshaye miligramu 300 za EPA na DHA kwa siku, na kati ya hizo DHA isipungue 200. Basi katika nyumba ambamo samaki hawatoshi, mgawo wa kwanza uwe wake, wala asiambiwe kwamba mkuu wa nyumba ndiye wa kutangulia.

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6. Baada ya hapo, dagaa waliochambuliwa vichwa, wakaoshwa mchanga wote, wakakaushwa na kusagwa laini, watiwe kijiko katika uji wake au katika ndizi zilizopondwa. Ajapo kufika miaka 2 hadi 4, haja yake ni miligramu 100 mpaka 150 kwa siku, kiasi ambacho dagaa wachache watakitimiza.

8. TAHADHARI

Papa, nduaro na jodari wakubwa huishi miaka mingi wakila samaki wengine, na zebaki ya baharini hujikusanya katika nyama zao. Kwa hiyo mja mzito, mama anyonyeshaye na mtoto mdogo waachane na papa, hata akiwa mkavu wa kupendeza, na badala yake wale samaki wadogo. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu isigande asianze vidonge vya mafuta ya samaki kabla ya kumwuliza tabibu wake, na ambaye mwili wake humkataa samaki, akavimba au kupumua kwa tabu, asijaribu kamwe kwa kufuata kijitabu hiki. Tena vidonge hivyo ni ghali, na mwenye kula vibua mara mbili kwa wiki hana haja navyo.

WASIA WA MWISHO

Ndugu msomaji, usianze kwa kubadili kila kitu kwa siku moja, kwa kuwa mazoea ya jiko hayang'oki kwa amri. Anza kwa jambo dogo: siku utakayofungua chupa mpya ya mafuta, chukua kalamu uandike tarehe ubavuni mwake, na siku itakayokwisha, hesabu siku zilizopita, kisha ujiulize ni mara ngapi, katika siku hizo, samaki aliingia chunguni mwako. Katika nyumba ya watu 6, lita moja ifike siku 7, na samaki awe ameingia mara 2.